Bwana Akifa, Watu Hugawanywa: Mirathi na Utumwa katika Mashamba ya Marekani

Utumwa wa Marekani tumeuzoea kwa picha mbili: meli iliyosheheni watu wenye minyororo, na jukwaa la mnada ambapo dalali ananadi binadamu. Zote mbili ni za kweli. Lakini mtoto aliyezaliwa utumwani katika shamba la Virginia au Maryland, tuseme mwaka 1800, hakupata kuiona meli hiyo, na mara nyingi hata bibi yake hakuiona. Alikuwa mzalia. Bwana wake alikuwa mkulima wa tumbaku au ngano aliyeishi hatua chache kutoka kwenye kibanda chao, aliyemjua kwa jina yeye, mama yake na ndugu zake wote. Kwa mtoto huyo, siku ya kuogopwa kuliko zote ilikuwa siku ambayo mkulima yule angefariki dunia. Bwana akiwa hai, watu wake walikuwa nguvu kazi ya shamba moja na ilimfaa wakae pamoja. Akifa, waligeuka mafungu.

Waafrika waliofikishwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini walikuwa karibu 388,000, sehemu ndogo mno ya mamilioni waliovushwa Atlantiki. Kuanzia mwaka 1808 sheria ya Marekani ilikataza kuingiza wengine kutoka nje. Hata hivyo sensa ya 1790 ilihesabu watumwa wapatao 700,000, na ile ya 1860 ikahesabu karibu milioni nne. Idadi hiyo ilitokana na uzazi, na aliyezaliwa ilibidi awe wa mtu fulani, kisha wa mtoto wa mtu huyo, kisha wa mjukuu wake. Ndiyo maana nasema kwamba anayetaka kuelewa utumwa ule asianzie sokoni. Aanzie kwenye wosia, kwenye haki ya mjane na kwenye mahakama ya mirathi, kwa kuwa humo ndimo utumwa ulimopita kutoka kizazi hadi kizazi, na humo ndimo soko lilimochota bidhaa yake. Tena ataona jambo linaloumiza zaidi: kadiri warithi wa nyumba kubwa walivyotendeana haki wao kwa wao, ndivyo nyumba ndogo za nyuma zilivyozidi kuvunjwa.

Hata sheria ya msingi ya utumwa huo ilichimbuka kwenye mgogoro wa mirathi. Mwaka 1655 mkulima John Mottram alifariki huko Northumberland, Virginia. Waliokabidhiwa mali yake walipoihesabu, walimweka mwanamke mmoja, Elizabeth Key, katika orodha ya watumwa. Elizabeth alikwenda mahakamani. Mama yake alikuwa Mwafrika, lakini baba yake, Thomas Key, alikuwa Mwingereza huru aliyewahi kukaa katika baraza la kutunga sheria la koloni. Kwa desturi ya Kiingereza mtoto alifuata hadhi ya baba. Mwaka 1656 Elizabeth akashinda, akatoka huru.

Wenye mashamba waliona hatari iliyomo katika hukumu hiyo. Desemba 1662 baraza la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, baba awe yeyote. Mwaka 1667 likaongeza kwamba ubatizo haumwachi mtu huru. Kwa sheria hizo mbili ikafungwa njia ya damu na ikafungwa njia ya dini. Bwana aliyezaa na kijakazi wake hakupoteza mali. Alijiongezea.

Msomaji wa pwani yetu atashtuka hapa, maana utaratibu alioupata kwa wazee ni mwingine. Katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa Unguja, Mombasa na Oman, mtoto ambaye bwana alizaa na suria wake alikuwa huru, alikuwa mtoto halali, na alirithi kama watoto wa mke wa ndoa. Suria aliyezaa hakuruhusiwa kuuzwa, na bwana alipokufa alikuwa huru. Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alipofariki mwaka 1856, watoto waliomrithi walikuwa wa masuria. Barghash, ambaye baadaye alitawala, mama yake alikuwa Mhabeshi. Salme, ambaye Wazungu walimjua kwa jina la Emily Ruete, alipata shamba na fedha ingawa mama yake aliletwa akiwa mtumwa kutoka nchi za Kaukazi. Hili haliufanyi utumwa wa pwani kuwa mwema. Watwana na vijakazi wa kawaida walirithiwa pamoja na mikarafuu, na masuria wenyewe waliachwa nje ya amri ya 1897 iliyofuta utumwa kisheria Unguja, wakangoja hadi 1909. Lakini linatusaidia kuona kwamba yaliyotokea Virginia yalikuwa uamuzi wa watu, yangeweza kuwa vingine. Kule Unguja mtoto wa suria aliketi na ndugu zake kugawana mali. Kule Virginia alikuwa mojawapo ya vitu ambavyo ndugu zake waligawana.

Nasema hivyo bila kutia chumvi. John Wayles, mwenye mashamba na dalali wa watumwa, alifariki mwaka 1773 akiacha watumwa wengi. Miongoni mwao alikuwemo Elizabeth Hemings na watoto wake, na sita kati yao Wayles ndiye aliyewazaa. Mama na watoto waliangukia katika fungu la Martha, binti wa ndoa wa Wayles, na mume wake Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Martha akawa amewarithi ndugu zake wa baba mmoja. Mmoja wao alikuwa mtoto mchanga aliyeitwa Sally, ambaye miaka ya baadaye, Martha akiwa amekwisha kufa, alizaa watoto na Jefferson mwenyewe. Na watoto hao pia, kwa sheria ya 1662, walizaliwa watumwa wa baba yao.

Mwaka 1705 Virginia ilipiga hatua nyingine: katika mambo ya mirathi, watumwa wahesabiwe kama ardhi. Nia ilikuwa kwamba mrithi wa shamba asije akapata udongo mtupu bila mikono ya kuulima. Utaratibu huo uliyumbayumba, na mwaka 1792 watumwa walirudishwa katika kundi la mali inayohamishika. Huku na huku, kaunti kwa kaunti, familia za wakulima zilikwisha kujijengea desturi yao: ardhi kwa wavulana, watu kwa wasichana. Ardhi haihami, na mvulana ndiye atakayebaki kuishikilia. Msichana ataolewa aende mbali, kwa hiyo apewe mali inayotembea. Baba alimwandikia binti yake kijakazi akiwa bado mdogo, mara nyingi wa rika lake, wakue pamoja, na siku ya harusi yule kijakazi apande gari la farasi kumfuata bibi yake kaunti nyingine. Mama wa bibi harusi alilia siku hiyo akijua atapokea barua. Mama wa kijakazi alibaki kibandani, naye na mwanawe mara nyingi hawakuruhusiwa hata kujifunza kusoma.

Wosia za wakulima hao zina kifungu kinachojirudia mno: fulani apewe kijakazi fulani, pamoja na watoto atakaowazaa baadaye. Wakati mwingine watoto hao waligawanywa kabla mimba haijaingia. Wa kwanza kwa binti huyu, wa pili kwa yule. Hapa ndipo thamani ya mwanamke mtumwa ilipozidi nguvu ya mikono yake. Mkulima wa hali ya kati mwenye ekari chache na watoto wengi hakuwa na ardhi ya kuwatosha wote. Lakini akiwa na vijakazi wawili vijana, aliona ana mali itakayoongezeka yenyewe hadi watoto wake watakapofikia umri wa kuoa na kuolewa. Mume wa binti ndiye aliyeishika mali hiyo kwa kawaida, kwa kuwa sheria ya Kiingereza ilimpa mume mali ya mkewe. Wazazi wakatafuta njia ya kuwafungia mabinti watumwa wao ili wakwe wasiwauze kulipa madeni ya kamari. Mississippi ilipotunga sheria mwaka 1839 ya kumruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake, sehemu kubwa ya vifungu vyake ilihusu watumwa. Hatua hiyo ya kuwapa wanawake haki ilisimama juu ya migongo ya wanawake wengine, na wanaoisimulia wangetenda vema kulitaja hilo.

Mambo yalikwendaje mkulima akishazikwa? Mahakama ya kaunti iliteua majirani watatu au wanne, watu wenye mashamba yao, wakaapishwa kuwa wakadiriaji. Walifika shambani na karatasi, wakapita chumba kwa chumba, zizi kwa zizi. Orodha zao zimehifadhiwa kwa maelfu, na ukizisoma unaona mpangilio usiobadilika sana: vitanda na magodoro, vyungu, majembe, farasi, ng'ombe, nguruwe, na katikati yao majina ya watu, jina moja moja bila la ukoo, na bei mbele yake. Mwanahistoria Daina Ramey Berry, aliyechunguza bei hizo tangu mimba hadi kaburini, ameonyesha jinsi zilivyopanda tangu utoto, zikafika kileleni katika ujana, kisha zikashuka. Mzee aliyelima shamba lile maisha yake yote aliandikiwa sifuri. Mama na mtoto anayenyonya mara nyingi waliandikwa mstari mmoja kwa bei moja. Mume hakuandikwa kama mume. Ndoa za watumwa hazikutambuliwa na sheria, na waume wengi walikuwa wa shamba la jirani, kwa hiyo hawakuonekana kabisa katika karatasi iliyoamua hatima ya wake zao.

Baada ya bei, mafungu. Wakadiriaji walipanga watu katika makundi yenye thamani sawa, kila mrithi moja, na warithi wakapiga kura nani apate lipi. Fungu likizidi, mrithi alilipa tofauti kwa fedha. Hesabu ikikataa kabisa, watu waliuzwa ili fedha zigawanywe, maana fedha hukatika vipande na mtu hakatiki. Ikumbukwe kwamba wengi wa wenye watumwa hawakuwa matajiri wa majumba yenye nguzo nyeupe. Hata mwaka 1860, utumwa ulipokuwa umeshamiri kuliko wakati wowote, karibu nusu ya wenye watumwa walikuwa na watu wasiozidi watano. Mkulima mwenye watumwa watano na watoto sita akifa, hakuna namna ya kugawa isiyovunja. Kama warithi walikuwa bado wadogo, mlezi wao aliwakodisha watumwa kwa mwaka mmoja mmoja ili kupata karo na mavazi ya yatima. Mikataba ilianza Januari mosi, na watumwa waliijua siku hiyo kama siku ya kuvunjika mioyo.

Maelezo ya karibu kuliko yote tunayo kutoka kwa mtu aliyesimama mwenyewe mbele ya wakadiriaji. Aaron Anthony wa Talbot, Maryland, alikuwa msimamizi wa mashamba ya tajiri Edward Lloyd, naye alikuwa na mashamba yake madogo na watumwa wapatao 30. Alifariki Novemba 1826 bila kuacha wosia. Mmoja wa watumwa hao alikuwa mtoto Frederick, ambaye wakati huo alikuwa amepelekwa Baltimore kwa jamaa wa ukoo wa bwana wake. Ilibidi arudishwe shambani akahesabiwe na wengine. Frederick, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Frederick Douglass, alieleza katika kitabu chake cha 1845 jinsi wanaume na wanawake, wazee kwa vijana, walivyopangwa pamoja na farasi, kondoo na nguruwe, wote wakipitia mkono uleule wa ukaguzi. Hofu iliyowashika haikuwa ya mnada. Walihofia kuangukia kwa Andrew, mwana wa marehemu, mlevi ambaye siku chache kabla alikuwa amemkamata kaka yake Frederick, akamtupa chini na kumkanyaga kichwani mpaka damu ikamtoka puani na masikioni. Kura ya Frederick iliangukia upande wa mkwe, Thomas Auld, akarudishwa Baltimore, na huko ndiko alikoendelea kujifunza kusoma. Hakuna aliyewauliza walipendelea nani.

Sasa nirudi kwenye hoja niliyoitaja mwanzo. Enzi za ukoloni, sheria ya Virginia iliruhusu shamba kufungwa lisiuzwe wala kugawanywa, lipite kwa mrithi mmoja kizazi hadi kizazi. Na mtu akifa bila wosia, ardhi ilikwenda kwa mwana mkubwa. Mapinduzi ya Marekani yalipokuja, Jefferson alitaka kuliondoa tabaka la mabwana lililojengwa na sheria hizo. Kifungo cha ardhi kilifutwa mwaka 1776, na sheria ya 1785 ikafuta upendeleo wa mwana mkubwa: watoto wote warithi sawa, wa kike kwa wa kiume. Vitabu vingi huzisifu sheria hizo kama ushindi wa usawa, na kwa warithi zilikuwa hivyo. Kwa watumwa zilikuwa na maana nyingine. Shamba lililopita zima kwa mtu mmoja lilipita na vibanda vyake vikiwa vimejaa, babu na mjukuu pamoja. Shamba lililogawanywa kwa watoto saba liligawa vibanda mara saba. Kisha watoto hao, kila mmoja na fungu lake dogo la watu, walielekea magharibi na kusini kutafuta ardhi mpya Kentucky, Alabama na Mississippi, na watumwa wao wakatembea nyuma yao mamia ya maili wakiacha wake, waume na wazazi. Watu tunawaza kwamba uhamisho ule mkubwa ulifanywa na wachuuzi peke yao. Sehemu yake kubwa ilikuwa vijana wanaochukua urithi wao na kwenda nao.

Na kabla ya warithi kulikuwa na wadai. Madeni ya marehemu yalilipwa kwanza, na mali iliyohamishika ndiyo iliyotangulia kuuzwa ili ardhi inusurike. Thomas Russell, aliyefukua kumbukumbu za mahakama za South Carolina, amekadiria kwamba karibu nusu ya mauzo yote ya watumwa katika jimbo hilo kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yalifanywa au kusimamiwa na mahakama. Yaani dalali mkubwa kuliko wote alikuwa serikali yenyewe, kwa amri za mirathi na madeni. Jefferson alirithi madeni pamoja na watumwa wa Wayles, akaongeza yake. Alipofariki Julai 4, 1826, alidaiwa zaidi ya dola 100,000. Wosia wake uliwaacha huru wanaume watano, akiwemo mhunzi Joseph Fossett. Januari 1827, watu 130 wa shamba lake la Monticello walinadiwa. Mke wa Fossett, Edith, na watoto wao walikuwemo. Mhunzi aliyepewa uhuru alilazimika kuhangaika miaka mingi kuikomboa familia yake mmoja mmoja. Mwanawe Peter, aliyekuwa na miaka 11 siku ya mnada, aliishi kuisimulia akiwa mchungaji mzee.

Kaskazini nako utumwa ulikuwepo, hasa mashambani New York na New Jersey, na mirathi iliuma vivyo hivyo. New York pekee ilikuwa na watumwa zaidi ya 21,000 mwaka 1790. Ukoo wa Philipse, waliokuwa na kinu cha nafaka kando ya mto Hudson, waliwahi kuleta watumwa hata kutoka Madagaska, upande wetu wa Bahari ya Hindi. Adolphus Philipse alipofariki mwaka 1750 bila wosia, orodha ya mali yake ilitaja watu 23 mmoja mmoja. Lakini simulizi ninayoiona nzito zaidi ni ya shamba la wakulima wa Kiholanzi katika kaunti ya Ulster, wale akina Hardenbergh. Johannes Hardenbergh alipofariki, watumwa walipita kwa mwanawe Charles. Miongoni mwao alikuwemo binti mdogo Isabella na wazazi wake, wazee waliokwisha kunyang'anywa karibu watoto wao wote. Walimsimulia Isabella jinsi kaka yake wa miaka mitano alivyoamka asubuhi ya baridi kumwashia mama yake moto, gari la theluji likafika, mtoto akalitazama kwa furaha bila kushuku lolote, akatiwa ndani, kisha akamwona dada yake mdogo akifungiwa ndani ya sanduku la gari. Akakimbia kujificha chini ya kitanda. Walimtoa.

Charles naye akafariki, na warithi wakakutana na swali la mzee: baba yake Isabella alikuwa dhaifu, nani atabeba gharama yake? Wakaona njia nyepesi ni kumwacha mkewe huru pamoja naye ili amtunze. Huo ulikuwa uhuru wa kukwepa gharama, na mzee alikuja kufa peke yake kwa baridi na njaa. Isabella, mwenye miaka kama tisa, aliuzwa mnadani pamoja na kundi la kondoo kwa dola 100. Alizungumza Kiholanzi tu, na bwana mpya, Mwingereza kwa lugha, alimchapa kwa kutoelewa anachoagizwa. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mpigania uhuru mashuhuri, Sojourner Truth. New York ilikuwa imetunga sheria mwaka 1799 ya kuufuta utumwa polepole: watoto watakaozaliwa baada ya Julai 4 mwaka huo wangekuwa huru, ila wawatumikie mabwana wa mama zao, wa kiume hadi miaka 28, wa kike hadi 25. Miaka hiyo ya utumishi nayo iliuzwa na kurithiwa kama mali. Isabella, aliyezaliwa kabla ya tarehe hiyo, angengoja hadi 1827. Hakungoja. Mwaka 1826 alimbeba mwanawe mchanga, akaondoka alfajiri.

Massachusetts iliukata utumwa kwa haraka zaidi, na kesi iliyofungua njia ilitokana na ndoa na mirathi. Bett alizaliwa katika nyumba ya Pieter Hogeboom huko New York, akafika Sheffield, Massachusetts, kwa kuwa binti wa Hogeboom aliolewa na John Ashley. Mwaka 1781 Bett alidai mahakamani kwamba katiba mpya ya jimbo, iliyosema watu wote wamezaliwa huru na sawa, inamhusu yeye pia. Baraza la wazee wa mahakama likakubali. Akajiita Elizabeth Freeman, akafanya kazi ya mshahara, akanunua kiwanja na nyumba. Alipofariki mwaka 1829 aliacha wosia wake mwenyewe, uliotiwa alama ya msalaba kwa mkono usiojua kuandika, akiwagawia binti yake na wajukuu mali yake.

Wapo wakulima waliotumia wosia au hati kuwaacha watu huru, hasa baada ya Virginia kuruhusu jambo hilo mwaka 1782. Robert Carter III alianza mwaka 1791 kuwaachia huru karibu watu 500, akiwa hai, kwa hati moja. Warithi wake walimpinga. John Randolph wa Roanoke alifariki mwaka 1833, ndugu wakabishania wosia zake kwa miaka, na watu wake 383 hawakuondoka Virginia hadi 1846. Tangu 1806 aliyeachwa huru alitakiwa aondoke jimboni ndani ya miezi 12, hata kama mke na watoto walibaki utumwani. Kwa maoni yangu tusiwabeze waliofanya hivyo, lakini tuone pia kwamba wengi walichagua kutoa uhuru wakati ambapo wao wenyewe hawangepoteza kitu. Walioguswa mfukoni walikuwa warithi, na ndiyo maana warithi walipigana.

Mfano unaoonyesha haya yote ni nyumba ya George Washington, na ninautumia kwa sababu makaratasi yake yamehifadhiwa vizuri, ilhali ya nyumba ndogo nyingi yamepotea. Baba yake alifariki mwaka 1743, George akiwa na miaka 11, akarithi shamba dogo na watu kumi. Utajiri mkubwa ulimjia kwa ndoa. Daniel Parke Custis alifariki mwaka 1757 bila wosia. Sheria ilimpa mjane wake, Martha, theluthi ya mali kwa matumizi ya maisha yake tu: watu zaidi ya 80, pamoja na uzao wao. Martha alipoolewa na Washington mwaka 1759, watu hao walihamia shamba lake la Mount Vernon. Washington angeweza kuwafanyisha kazi. Kuwauza au kuwaacha huru hakuweza, kwa sababu walikuwa wa warithi wa Custis.

Miaka 40 ilipita na watu wakaoana. Mwaka 1799 Mount Vernon ilikuwa na watumwa 317: 123 wa Washington, 153 wa theluthi ya Custis, na waliobaki wengi walikodiwa kwa jirani. Alipoandika wosia wa kuwaacha watumwa wake huru, Washington alijua kwamba kalamu yake itapita katikati ya ndoa. Baada ya kifo chake, Martha aliwaachia huru Januari 1, 1801. Mume akatoka huru, mke na watoto wakabaki. Mjane alipofariki Mei 1802, theluthi yote iligawanywa kwa wajukuu wake wanne.

Ona Judge aliliona hilo mapema. Mama yake alikuwa mshonaji wa theluthi ya Custis, baba yake fundi cherehani Mzungu. Alikuwa kijakazi wa chumbani wa Martha huko Philadelphia, na alipopata habari kwamba atapewa mjukuu Eliza kama zawadi ya ndoa, alifungasha vitu vyake, akatoka mlangoni jioni moja ya Mei 1796 wakati familia inakula. Aliishi New Hampshire hadi 1848. Kwa sheria alikufa akiwa mali ya ukoo wa Custis, na kila mtoto aliyemzaa katika uhuru wake alihesabiwa kuwa mali yao pia. Huko nyuma, mdogo wake Delphy alipewa Eliza badala yake.

Mmoja wa wajukuu wanne, George Washington Parke Custis, alijenga nyumba ya Arlington ng'ambo ya mto kutoka jiji la Washington na kuhamishia huko fungu lake. Alifariki mwaka 1857, miaka mia kamili baada ya kifo cha babu yake, akiwa na watu karibu 200. Wosia uliagiza waachwe huru ndani ya miaka mitano, na pia kila mjukuu wa kike apate dola 10,000. Msimamizi wa mirathi alikuwa mkwe wake, Robert E. Lee. Lee aliona mashamba hayazalishi fedha za kutosha, akaongeza kazi, akawakodisha watu mbali na nyumbani. Wesley Norris na wenzake, waliosadiki kwamba kifo cha Custis kimekwisha kuwapa uhuru wao, walitoroka mwaka 1859, wakakamatwa, wakachapwa viboko. Hati ya uhuru ilitiwa saini Desemba 29, 1862, Lee akiwa jenerali wa jeshi la kusini.

Custis alikuwa na binti wa ndoa, Mary, mke wa Lee. Kwa masimulizi ya ukoo, ambayo leo yanakubaliwa na wasimamizi wa Arlington, alikuwa pia na binti mwingine, Maria, aliyezaliwa na kijakazi Arianna Carter. Mary alipewa kwa wosia matumizi ya ekari 1,100 za Arlington maisha yake yote, kisha ziende kwa mwanawe mkubwa. Maria aliachiwa huru katika miaka ya 1820, baada ya kuolewa na Charles Syphax, akapewa na Custis ekari 17 kwa kauli tu, bila hati. Serikali ilipoitwaa Arlington mwaka 1864 kwa kodi isiyolipwa, zote mbili zilichukuliwa. Maria alipeleka ombi lake, na mwaka 1866 Bunge likapitisha sheria ya kumthibitishia ekari zake 17. Mwana wa Mary alishtaki akashinda katika Mahakama Kuu mwaka 1882, na mwaka uliofuata akalipwa dola 150,000.